Meno ya mtoto hayangoji awamu ya pili: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji na afya

Waheshimiwa wenye dhamana ya maji, ya afya ya mama na mtoto na ya elimu ya awali, kuanzia wizarani hadi kwenye halmashauri zetu za ukanda wa Bonde la Ufa,

Shikamooni.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno katika kituo cha afya cha vijijini wilayani Arumeru. Nilizaliwa kwenye mteremko wa Mlima Meru, nikalelewa kwa maji ya kijito kilichopita chini ya migomba yetu, na meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia tangu nilipokuwa darasa la pili. Nikitaka kucheka mbele ya mgeni, mkono hunyanyuka wenyewe ukaufunika mdomo. Watu wa huku tunatambuana kwa mkono huo. Hata katika picha za harusi tunajulikana: sisi ndio tuliofumba midomo.

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 7. Meno mawili ya juu ya mbele, ya kudumu, yalikuwa yametoka karibuni, moja limeshavuka nusu, jingine bado lina ufizi begani. Yote mawili yalikuwa na mabaka meupe ya chokaa, na kwenye lile lililotangulia rangi ya kahawia ilikwisha kuanza kuingia. Mama akaniambia, huku sauti ikimtetemeka, kwamba mwalimu alimsimamisha mtoto mbele ya darasa na kumwambia arudi nyumbani akapige mswaki. "Daktari, huyu anapiga mswaki asubuhi na jioni, mimi mwenyewe namsimamia. Nimkosee nini tena?"

Nilimweleza kuwa hakumkosea kitu, wala mswaki hauhusiki; kosa ni la floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji yetu ya kunywa. Kasoro ile iliingia kwenye meno ya mwanawe alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, meno yenyewe yakiwa bado yamezikwa ndani ya taya, miaka 4 au 5 kabla hayajaona mwanga. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niwaandikie: "Mbona hamkuniambia wakati ule?"

Waheshimiwa, nawaomba mnivumilie nieleze jinsi gamba la jino linavyoumbwa. Nafahamu kuwa barua za wananchi kwa viongozi haziandikwi hivi kwa kawaida. Lakini ratiba za miradi ya maji zinapangwa na watu ambao hawajawahi kuonyeshwa ratiba ya jino, na hizi mbili hazilingani.

Jino huanza mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Karibu na wiki ya 6 ya mimba, utando wa ndani wa mdomo wa kijusi huanza kunenepa kufuata mstari wa taya, kisha huzama ndani. Kwanza huwa kama chipukizi, halafu kama kofia, halafu kama kengele. Ndani ya kengele hiyo seli za aina mbili husimama zikitazamana. Za upande mmoja hutengeneza dentini, yaani mwili wa jino. Za upande wa pili huitwa ameloblasti, na kazi yao duniani ni moja tu: kutengeneza enameli, lile gamba la nje linalong'aa, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, kigumu kuliko mfupa.

Mmewahi kumtazama fundi anayesakafia chumba? Huanzia ukuta wa mbali, humwaga, husawazisha, na kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni ili asikanyage alichokwisha kukilaza. Ameloblasti hufanya hivyo hivyo. Zimepangana bega kwa bega juu ya dentini, na kila moja hurudi nyuma kuelekea nje ikiacha mbele yake ufito mmoja wa enameli. Kwa siku moja husogea takriban maikromita 4, umbali ambao unywele mmoja wa kichwa unauzidi unene zaidi ya mara 10. Kazi ya kila siku huacha mstari wake. Kila baada ya wiki moja au zaidi kidogo huacha mstari mzito zaidi. Siku ya kuzaliwa nayo ina mstari wake: kwenye meno ya utoto, mtaalamu akilikata jino na kulitazama kwa hadubini, ataona mahali mtoto alipotoka tumboni kwa mama yake akaanza kuvuta hewa. Nilipoonyeshwa mstari huo kwa mara ya kwanza chuoni nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa sijui kwamba tunabeba kinywani kumbukumbu ya siku yetu ya kwanza.

Kinacholazwa mwanzoni bado si kigumu. Ni ute wa protini, sehemu kubwa ikiwa amelojenini, uliochanganyika na nyuzi nyembamba mno za fuwele za kalsiamu na fosfeti. Katika hatua hiyo madini hayazidi sana theluthi moja ya uzito wa enameli, na ungeweza kuikwangua kwa kisu. Kimo kamili cha gamba kikishafikiwa, ndipo inakuja hatua ya pili, ndefu na ya hatari zaidi, ya kukomaa. Protini zile zilikuwa kama mbao anazopigilia fundi ili zege likae mahali pake; sasa sharti zitolewe. Vimeng'enya huzikata vipande vipande, seli huvifyonza, na nafasi iliyobaki hujazwa kalsiamu na fosfeti mpaka nyuzi za fuwele zinanenepa na kubanana. Kazi hii huzalisha asidi, kwa hiyo ameloblasti hulazimika pia kumwaga baikaboneti ili kuituliza. Mdomo wa seli hubadilika mara kwa mara, mara una mikunjo mingi kama upindo wa gauni, mara umekuwa laini, ukipokezana zamu za kuingiza na kutoa. Mwisho wa yote enameli iliyokomaa huwa na madini kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake.

Halafu jino hutoka ufizini, na ameloblasti hupotea. Hapa ndipo naomba msome polepole. Mfupa ukivunjika una seli zinazouunga. Ngozi ikikatika hujifunga. Dentini yenyewe ina seli hai zinazoweza kuongeza tabaka kwa ndani. Enameli haina hata seli moja. Fundi ametoka, mlango umefungwa, na hakuna njia ya kumrudisha ndani. Kilicholazwa vibaya hukaa vibaya mpaka mtu anaingia kaburini. Mate huweza kurudisha madini kidogo juu juu, lakini hayawezi kujenga upya gamba lililoumbwa na kasoro.

Floraidi ikizidi katika maji anayokunywa mtoto wakati kazi hii inaendelea, huvuruga hasa ile hatua ya kukomaa. Protini hazitoki kwa wakati wake. Fuwele hazinenepi zikabanana. Chini ya uso wa jino hubaki tabaka lenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino hutoka likiwa na mistari myeupe au limefifia lote kama ukuta uliopakwa chokaa. Rangi ya kahawia huja baadaye, ikiingia kutoka nje kwenye vile vitundu. Palipo dhaifu sana humeguka kwa kutafuna, pakabaki mashimo. Mwaka 1978 Anders Thylstrup na Ole Fejerskov wa Denmark walitunga kipimo cha madhara haya, kuanzia 0 hadi 9. Kwenye 9, sehemu kubwa ya gamba imekwenda na umbo la jino limebadilika. Ninawaona watoto wa hali hiyo. Hawaji na maumivu, wanaletwa na aibu.

Nao wengi, kabla ya kunifikia, wamekwisha kujitibu. Wamesugua kwa majivu, kwa mkaa, kwa mchanga mlaini, wengine kwa kipande cha tofali. Kila msuguo unaondoa kidogo cha gamba ambalo tayari ni pungufu.

Sasa ratiba yenyewe. Meno ya utoto huanza kupata madini karibu na mwezi wa 4 wa mimba. Gego la kwanza la kudumu huanza siku za kuzaliwa. Meno mawili ya juu ya mbele, yale yanayoonekana mtu anaposalimia, huanza mtoto akiwa na miezi 3 au 4, na taji lake hukamilika akiwa na miaka 4 au 5. Chonge hukamilika kwenye miaka 6 au 7. Gego la pili huanza mtoto akiwa na miaka 2 na nusu au 3 na hukamilika kwenye 7 au 8. Baada ya hapo, ukiacha magego ya mwisho kabisa, gamba la kila jino limekwisha kuumbwa. Kwa meno ya mbele, miaka mitatu ya kwanza ndiyo inayoamua zaidi.

Nina ushahidi wa nyumbani kwangu. Binti yangu wa kwanza nilimzaa nikiwa kazini Lushoto, kwenye milima ya Usambara, akakulia huko mpaka alipotimiza miaka 5. Mdogo wake nilimzaa baada ya kuhamishiwa Arumeru. Baba mmoja, mama mmoja, chungu kimoja, mswaki wa aina moja. Dada ana meno meupe kama ya mtu wa Usambara. Mdogo wake ana meno kama yangu. Mimi ni tabibu wa meno na nilijua, nikamkingia maji ya mvua kila nilipoweza, lakini kiangazi kilikuwa kirefu na tangi lilikuwa dogo, na kuna miezi nilimpikia uji kwa maji ya bomba la kijiji kwa sababu hayakuwepo mengine. Sijajisamehe kabisa, ingawa nafahamu kuwa mama asiye na tangi hana la kuchagua.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia ambayo hakuna kitabu kilichoyaeleza. Aligundua kuwa waliohamia mjini wakiwa watu wazima hawakupata doa. Waliozaliwa na kulelewa pale ndio waliopata. Mwaka 1923 aliitwa kwenye kijiji cha Oakley, Idaho, ambako wazazi walisema madoa yalianza baada ya bomba jipya kuletwa kutoka kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu. McKay hakuona kitu chochote kibaya ndani ya maji yale, lakini aliwashauri waliache bomba lile na kuchukua maji kwingine. Walimsikiliza. Baada ya miaka michache meno ya kudumu ya wadogo yakaanza kutoka safi. Ilikuwa bado haijajulikana hata mhalifu ni nani. Ni mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill alipoipata floraidi kwenye sampuli za maji. Nawaomba mlitafakari tukio hilo: wanakijiji walihamisha chanzo cha maji kwa kuyaamini macho ya wazazi, kabla sayansi haijawapa jina la kosa. Sisi jina tunalijua kwa zaidi ya miaka 90.

Na kwetu sababu inajulikana. Mlima Meru ni volkano. Miamba yake na majivu yake ya kale yana floraidi nyingi, na maji yanayopita ndani yake huiyeyusha na kuibeba. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi kwetu. Maziwa ya Momella na Ziwa Natron ni mashahidi wakubwa, na Mto Maji ya Chai umepewa jina kwa rangi yake, lakini ubaya wake kwa meno haumo katika rangi. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kumshtua mtu. Maji ya kisima kirefu yanaweza kutoka maangavu kama kioo yakawa nayo nyingi. Kuyachemsha hakuiondoi, kunapunguza maji na kuacha floraidi ile ile ndani ya sufuria. Vidonge vya kutibu maji havigusi kitu. Akina mama wetu waliofundishwa vizuri kuchemsha maji ili kuepuka kuhara wanaamini wameshamaliza, na hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 1.5 kwa lita. Sisi tuliwahi kujiwekea kiwango cha muda cha 8, baadaye tukatumia 4 kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba maji pungufu ni hatari kubwa kuliko meno ya kahawia. Sitaibeza hoja hiyo. Mtoto anayekufa kwa kipindupindu hana haja na meno meupe. Sasa kiwango cha taifa nacho ni 1.5, na nashukuru. Lakini kiwango kilichoandikwa na ndoo inayojazwa bombani ni vitu viwili, na kati yake anakaa mtoto wa miezi 8 anayeanza kula uji.

Uji ndio kiini cha hoja yangu. Mtoto anaponyonya maziwa ya mama peke yake yuko salama kwa namna ya ajabu: hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, maziwa yake huwa na kiasi kidogo mno. Mwili wa mama humchujia mwanawe bila kutozwa hata senti. Miezi 6 ikitimia tunamwambia aanze kumlisha, na chakula cha kwanza ni uji, na uji karibu wote ni maji. Kabla ya siku hiyo kichujio kilikuwa titi. Baada yake hakuna kichujio. Na ndipo meno ya juu ya mbele yako katikati ya kuumbwa. Mtoto yule yule baadaye anapewa chai, na majani ya chai yenyewe hubeba floraidi. Anapewa makande na maharage yaliyolainishwa kwa magadi, na magadi ya huku yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana. Anapigishwa mswaki na dawa tamu ya meno anayoimeza kwa sababu hajui kutema. Vyote hivyo vinaingia kwenye mwili wa kilo 10.

Ninachokiomba kina sura hii. Miradi mikubwa ya kuleta maji kutoka mbali, kuchanganya vyanzo na kujenga mitambo ya kuchuja iendelee, na Mungu aibariki. Lakini mradi wa miaka 6 kwenda 8, ukichelewa kidogo, unakula utoto mzima wa kizazi. Awamu ya kwanza ikifika barabarani na ya pili ikisubiri fedha, watoto wa awamu ya pili wanaendelea kuumbwa meno. Kwa hiyo wakati bomba linasubiriwa, yapeni maji salama matumbo madogo kwanza. Hatuhitaji kuondoa floraidi kwenye maji ya kuoshea ng'ombe, kufulia na kumwagilia mboga. Kwa hesabu ya jikoni kwangu, maji ya kunywa na ya kupikia mtoto wa miaka 2 hayazidi lita 3 kwa siku. Ndoo moja ya lita 20 iliyochujwa inamtosha karibu wiki. Ukiipanga kazi kwa ndoo hiyo moja badala ya kuipanga kwa mahitaji ya kijiji kizima, jambo lililoonekana haliwezekani linaanza kuwezekana.

Njia ya kuichuja ipo na iko kwetu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa kipimo maalumu cha joto, inasagwa chenga, inawekwa ndani ya ndoo au tangi, maji yanapita, na floraidi inashikwa na madini ya mfupa. Inavutia kwamba madini hayo ya mfupa ni ndugu wa karibu wa madini ya enameli, fuwele za kalsiamu na fosfeti; kile kinachopenda kushikamana na jino la mtoto kinashikwa na mfupa wa ng'ombe kabla hakijamfikia. Shida ninayoiona vijijini ni kwamba mkaa huo huchoka. Baada ya muda huwa umeshiba, maji yanapita bila kuchujwa, na kwa macho hakuna tofauti. Nimeingia kwenye nyumba ambazo kichujio kilitolewa na mradi mmoja wa zamani, kinapendwa, kinafutwa vumbi, na ndani yake mkaa haujabadilishwa tangu waliokileta waondoke. Mama anaamini. Mtoto anakunywa. Kugawa vichujio bila kupanga nani atabadilisha mkaa, lini, na kwa fedha ipi, ni kumpa mama utulivu wa uongo, nami naona heri asiye nacho anayejua hali yake.

Kukinga maji ya mvua kunafaa pia, maana mvua haina floraidi ya kuhesabika. Zahanati, shule za awali na vituo vya kulelea watoto vina mapaa makubwa ya bati, mengi hayana mifereji. Paa la zahanati lingeweza kuwapa akina mama wenye kadi ya kliniki ndoo yao ya wiki. Kadi yenyewe ina nafasi ya chanjo, ya uzito, ya matone ya vitamini A. Haina mahali panapouliza: mtoto huyu anapikiwa maji ya wapi? Mstari mmoja tu, na muuguzi aliyefundishwa kwa saa moja nini cha kusema jibu likiwa baya. Mama yule aliyeniuliza kwa nini hatukumwambia alihudhuria kliniki kila mwezi. Alipima uzito wa mwanawe zaidi ya mara 20. Tulikuwa naye mara zote hizo.

Naomba pia matokeo ya vipimo yaandikwe mahali maji yanapotoka. Kisima kikichimbwa hupimwa, najua, na karatasi inabaki kwenye faili. Niliwahi kusubiri miezi kadhaa kuonyeshwa karatasi ya kisima ambacho wanangu na majirani zangu walikuwa wanakinywa, na sitataja ofisi. Nilipoiona, tarakimu ilikuwa imezidi 5. Kopo moja la rangi linatosha: kwenye kila kioski cha maji iandikwe kwa tarakimu kubwa floraidi ni kiasi gani na ilipimwa mwezi gani, kisha ipimwe tena, maana hubadilika kiangazi na masika. Mama anayeweza kusoma bei ya ndoo anaweza kusoma tarakimu hiyo, na pale ambapo kuna vioski viwili ataenda kwenye kile cha afadhali kuchota ya uji.

Isije ikaeleweka kwamba naitaka floraidi ifutwe. Kiasi kidogo hulinda meno yasioze, na dawa ya meno yenye floraidi inafanya kazi njema juu ya uso wa jino lililokwisha kutoka. Kwa mtoto chini ya miaka 3 iwe kiasi cha punje ya mchele, mzazi akishika mswaki mwenyewe.

Wala floraidi haiko peke yake. Utapiamlo, homa kali za mara kwa mara na kuzaliwa njiti navyo huacha alama kwenye enameli. Na bado yupo mtoto anayepelekwa kwa mtu wa kijiji kung'olewa kile kinachoitwa meno ya plastiki, eti ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Hayo siyo meno ya plastiki. Ni vifuko vya chonge za utoto, na chombo kinachochokoa pale hufika hadi kwenye chonge ya kudumu iliyo katika kuumbwa. Nimetibu vijana wenye chonge iliyopinda na yenye gamba nusu kwa sababu hiyo. Wenzangu wa afya ya mama na mtoto, hili tulikemee kila kliniki.

Kwa wale ambao mlango umeshafungwa, nikiwemo mimi, tunaomba mambo mawili. Walimu waelezwe, kwa waraka au kwa semina, kwamba mtoto mwenye meno ya kahawia katika ukanda huu hajakosa mswaki, na asisimamishwe mbele ya wenzake. Na vituo vyetu vipewe vifaa vya kuziba na kufunika meno ya mbele yaliyoharibika zaidi, hata kwa zamu. Kijana mmoja aliniambia alikwenda kuomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya watalii, vyeti vyake vikasomwa, akaambiwa atabasamu. Hakuitwa tena.

Juzi Alhamisi kwenye zahanati ya jirani walizaliwa watoto wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Magego yao ya kwanza ya kudumu yameanza kupata madini wiki hii. Ya juu ya mbele yataanza kabla ya miezi 4 kutimia. Wataanza kula uji baada ya miezi 6, na sisi hapa kituoni tunajua nyumba zote mbili zinachota maji wapi. Mimi nipo kituoni kila siku za kliniki, Jumanne na Alhamisi. Atakayetumwa na yeyote kati yenu kuja kuona nitampokea, nitampeleka kwenye nyumba hizo, na tutakwenda na chupa za kuchukulia sampuli.

Wenu katika kazi,

Tabibu wa kinywa na meno,
Arumeru